Deni la mteja halikai kwenye RAM

Kila msimu wa bonasi ukikaribia, wateja wetu wa huku juu kwenye majani chai hutupigia simu kwa shida moja: mashine imekuwa pole pole, watu wamepanga foleni hadi nje, tufanyeje? Na mara nyingi tukifika tunakuta kuna fundi ameshatangulia na jibu tamu. Anasema, hamisha data yote uiweke kwenye RAM, itapaa.

Kupaa inapaa kweli. Shida ni pale inapotua. Mimi nasema wazi, na najua kuna mafundi marafiki zangu watanuna: duka linalokopesha watu halina sababu hata moja ya kuweka rekodi ya pesa kwenye jedwali la RAM. Bei ya bidhaa, sawa. Orodha ya majina ya kutafutia, sawa. Deni la mtu, hapana.

Nieleze nilikotoa msimamo huu. Kuna duka la pembejeo Merigi, kule Bomet Mashariki, linalopokea malipo kupitia kwetu. Ukijua maisha ya huko utaelewa biashara yake bila kuambiwa mengi. Mkulima anapeleka majani kwenye senta, yanapimwa, anapewa risiti ya kilo. Mwisho wa mwezi analipwa kidogo, na ile pesa kubwa, bonasi, inaingia karibu Oktoba. Katikati hapo ng'ombe lazima ale, viazi lazima vinyunyiziwe dawa, kupe hawangoji bonasi. Kwa hivyo mkulima anachukua kwa deni. Dairy meal mifuko miwili, chumvi, dawa ya kuogeshea. Mwenye duka, mama mmoja mpole sana lakini mkali kwa hesabu, anaandika. Zamani alikuwa na daftari jeusi la madeni. Baadaye kijana mmoja akamtengenezea programu ya kompyuta juu ya XAMPP, yaani hifadhidata ya MySQL iliyo ndani yake (siku hizi ni MariaDB, ila kwa mambo ya leo zinafanana). Mkulima akilipa kwa tili, taarifa ya malipo inaingia kwenye kompyuta, programu inatafuta namba ya simu na kupunguza deni.

Ilifanya kazi vizuri miaka miwili. Kisha ikaanza kuchoka. Ukitafuta namba ya mteja unasubiri, unasubiri, mteja anaanza kuangalia nje. Akaitwa fundi mwingine. Huyu akaangalia, akasema diski ndiyo nzito, akabadilisha majedwali mawili, la mauzo ya leo na la madeni ya leo, yakawa ENGINE=MEMORY. Akaweka na kitufe kimeandikwa "Funga Siku". Jioni ukikibonyeza, rekodi za leo zinanakiliwa kwenye majedwali makubwa ya diski. Mama alifurahi. Ilikuwa haraka ajabu.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, saa kumi jioni, stima ikapotea. UPS ilikuwapo chini ya meza, lakini betri yake ilikufa zamani na kazi yake ilikuwa kuwekewa vikombe vya chai juu. Stima iliporudi, msichana wa kaunta akawasha kompyuta, programu ikafunguka bila neno, akaendelea kuhudumia watu.

Hapa ndipo nataka uangalie kwa makini, kwa sababu ndipo hatari yenyewe ilipo. Jedwali la MEMORY likizimiwa stima halipotei. Umbo lake, yaani jina na safu zake, limeandikwa kwenye diski na linarudi lilivyokuwa. Kilichopotea ni mistari iliyokuwa ndani. Kwa hivyo programu haikusema kuna kosa. Haikulia. Ilikwenda ikauliza "leo huyu anadaiwa nini?" na ikajibiwa "hakuna kitu", jibu ambalo kwa kompyuta ni halali kabisa. Daftari lililochanwa unaona limechanwa. Jedwali hili linakupa ukurasa mweupe safi na kukuapia kwamba hakuna aliyewahi kuandika hapo.

Aliyegundua ni mzee mmoja. Alikuja kulipa, msichana akamsomea deni lake. Mzee akasimama kidogo, akasema, "Na zile mbili nilichukua asubuhi, mama?" Ndipo watu wakaanza kutazamana.

Mimi nilifika Jumatatu. Malipo yote ya simu tuliyapata, kwa sababu yana taarifa yake kwetu na kila moja lina kodi yake ya herufi na namba. Pesa taslimu, wakahesabu droo wakakadiria. Lakini madeni ya siku ile? Siku ya Jumamosi, siku ya watu wengi? Hayakuwa popote isipokuwa kwenye vichwa vya watu. Mama aliketi na msichana wake wakaanza kukumbuka sura moja baada ya nyingine, wakapiga simu. Wengi walikubali na wengine walikuja wenyewe. Wachache walisema hawakumbuki. Mmoja ni jirani yake wa miaka mingi, na hawasalimiani tena kama zamani.

Aliniambia, "Kijana wangu, hiyo pesa ningeisamehe. Lakini sasa tukikutana kanisani sijui kama yeye ndiye mwongo au ni mimi nimemsingizia."

Sikuwa na jibu. Niliomba kuangalia mashine.

Na hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Diski haikuwa na shida yoyote. Jedwali kubwa la madeni lilikuwa na rekodi za miaka miwili, na safu ya namba ya simu haikuwa na faharasa. Kila walipotafuta mteja, MySQL ilisoma mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kama mtu anayetafuta jina kwenye daftari lisilopangwa. Ungeongeza faharasa kwa amri moja, ALTER TABLE madeni ADD INDEX (simu), na foleni ingeisha siku hiyo hiyo. Nilifanya hivyo na ikaisha. Ile kasi ya RAM waliyoisifia ilitoka wapi basi? Ilitoka kwa jedwali kuwa dogo. Jedwali la mauzo ya leo pekee lina mistari mia mbili, mia tatu. Hata ungeliweka kwenye diski kuukuu lingekuwa haraka.

Najua nitajibiwa: "Lakini RAM ni haraka kuliko diski, hiyo huwezi kukataa." Sikatai. Swali langu ni haraka kwa nani. Kuandika muamala mmoja kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka huchukua kama milisekunde kumi, na kwa SSD hata chini ya hapo. Mteja aliyesimama kaunta anatafuta simu mfukoni, anaandika namba ya siri, anangoja ujumbe wa kuthibitisha. Hizo ni sekunde nyingi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 seva zake zilikuwa Ulaya, na zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Miaka yote hiyo, shilingi mia iliyotoka Merigi kwenda Longisa hapo jirani iliandikwa Ulaya kwanza, na watu wakaipokea biashara hiyo kwa mikono miwili. Walichotaka ni rekodi isiyopotea. Hakuna mkulima atakayeona zile milisekunde kumi ulizookoa, lakini deni lililopotea ataliona.

Kitu kingine ambacho mafundi wengi hawajui, au wanajua na hawasemi: MySQL tayari inatumia RAM kwa ajili yako. Majedwali ya kawaida ya InnoDB yana sehemu yao kwenye RAM ambapo kurasa zinazosomwa mara kwa mara hukaa, na inapangwa kwa innodb_buffer_pool_size. Kima cha kuanzia cha MySQL ni megabaiti 128. Kwenye kompyuta ya duka yenye gigabaiti 4, ambayo pia inabeba Windows na kivinjari chenye kurasa kumi wazi, mimi huweka 512M na kuishia hapo. Ukitaka RAM ikusaidie, ipe kazi kwa mlango huu. Unapata kasi ya kusoma, na kila muamala bado unaandikwa kwenye diski kabla mashine haijasema "tayari". Hakikisha tu innodb_flush_log_at_trx_commit iko 1, ambayo ndiyo inakuja nayo. Kuna watu huibadilisha iwe 2 kwa sababu walisoma mahali kwamba inaongeza kasi. Ikiwa 2, stima ikipotea unaweza kupoteza kama sekunde moja ya miamala. Kwa duka, sekunde moja ni mteja mmoja. Huyo mmoja ni nani, utamchagua wewe?

Sasa, sitaki uondoke ukidhani naichukia MEMORY. Ina kazi yake. Kipimo changu ni hiki: je, stima ikipotea sasa hivi, naweza kulijaza upya jedwali hili kutoka kwenye diski bila kumuuliza binadamu yeyote? Kama ndiyo, liweke kwenye RAM ukitaka. Orodha ya bei ni mfano mzuri. Bei halisi zinakaa kwenye jedwali la InnoDB, na asubuhi unazinakili kwenda kwenye jedwali la haraka. MySQL ina mpangilio unaoitwa init_file. Unaielekeza kwenye faili dogo lenye amri zako, kama INSERT INTO bei_haraka SELECT * FROM bei, nayo huziendesha kila seva inapowaka. Stima ikipotea mara tano kwa siku, jedwali linajazwa mara tano, na msichana wa kaunta hajui hata kama kulitokea kitu.

Ila ukilitumia, pima RAM yako kwanza, maana lina tabia zake.

Ya kwanza ni ulafi. Jedwali la MEMORY huhifadhi kila mstari kwa urefu uleule. Ukisema jina ni VARCHAR(255) kwa utf8mb4, kila jina linatengewa baiti 1,020 hata kama mteja anaitwa Koech tu. Fundi mvivu akiweka safu tatu za namna hiyo, jina, kijiji na maelezo, mstari mmoja unavuka kilobaiti 3. Kikomo cha jedwali, max_heap_table_size, kinakuja kikiwa megabaiti 16. Gawanya uone: mistari kama elfu tano na ushee, kisha unaambiwa jedwali limejaa na mauzo yanakataa. Sasa chukua safu zilezile uzipime kama fundi cherehani: kodi ya muamala herufi 10, simu tarakimu 12, jina herufi 40, zote kwa ascii, pamoja na kiasi na tarehe. Unapata baiti 70 na kitu kwa mstari. Megabaiti zilezile 16 zitabeba zaidi ya mistari 100,000. Hujanunua RAM yoyote. Umepunguza uvivu tu.

Ya pili ni kwamba halirudishi kilichotolewa. Ukifuta mistari mmoja mmoja, nafasi inabaki mikononi mwa jedwali lenyewe ikingoja mistari mipya, haiendi kusaidia programu nyingine. Ukitaka RAM irudi, safisha jedwali lote kwa TRUNCATE au ulijenge upya kwa ALTER TABLE. Wengi hufuta, hufuta, halafu wanashangaa kompyuta bado imelemewa.

Ya tatu imenipotezea muda mimi mwenyewe. Ukibadilisha max_heap_table_size seva ikiwa inaendelea, majedwali yaliyokuwapo hayasikii. Yanabaki na kikomo cha zamani mpaka uyajenge upya, uyasafishe au uwashe seva tena. Nilikaa nusu siku nikiongeza namba huku jedwali likiendelea kusema limejaa.

Na usidanganyike kuweka vikomo vikubwa ili usisumbuliwe. Kuna kingine, tmp_table_size, kinachohusu majedwali ya muda ambayo MySQL hujitengenezea yenyewe ikichambua ripoti. Hicho hakihesabiwi mara moja kwa seva nzima. Ukikiweka megabaiti 256 na watu kumi wakavuta ripoti ya mwisho wa mwezi kwa wakati mmoja, hesabu inaweza kufika gigabaiti mbili na nusu. Kwenye mashine ya gigabaiti 4, Windows itaanza kusukuma vitu kutoka kwenye RAM kwenda diski ili ipumue. Basi lile jedwali ulilolikimbiza kutoka kwenye diski linajikuta kwenye diski, tena kwa njia mbaya zaidi.

Kuna na foleni. Jedwali la MEMORY hufungwa lote mtu mmoja anapoandika. Ukiwa na kaunta moja hutaona. Ukiwa na kaunta tatu siku ya bonasi, zote zikiandika mauzo, zitasubiriana. InnoDB hufunga mstari unaoguswa tu. Kwa hivyo siku ile ile uliyotaka kasi ndiyo jedwali la RAM linakuangusha. Fundi wa Merigi hakufikia kuliona hili kwa sababu stima ilimtangulia.

Wale wenu wenye mifumo mikubwa kidogo, sacco au msambazaji wa vifaa, huenda mnatumia Redis. Ushauri wangu haubadiliki sana. Redis inaweza kuandika kumbukumbu zake kwenye diski ukiwasha appendonly, na kwa appendfsync everysec hasara ni kama sekunde moja. Angalia pia maxmemory-policy. Ukiacha noeviction, RAM ikijaa itakataa kuandika, na hilo angalau utalisikia. Mtu akiweka allkeys-lru, itatupa vitu visivyoguswa karibuni ili ipate nafasi. Kwa picha za bidhaa hakuna neno. Kwa madeni, mkulima ambaye hajaguswa tangu Februari kwa sababu anangoja bonasi ya Oktoba ndiye atakayetupwa wa kwanza.

Mtaniambia stima ndiyo ya kulaumiwa. Mnajua nchi hii. Ijumaa ya 25 Agosti 2023 giza lilifunika karibu Kenya nzima kwa saa nyingi, hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, na Desemba ya mwaka huo likarudi. Huku kwetu halihitaji hata kufika kiwango hicho. Mvua ya alasiri, mti mmoja juu ya waya, kwisha. Nunueni UPS na mbadilishe betri yake, au tumieni laptopu ambayo betri yake bado iko hai. Lakini UPS ni ya kukupa dakika za kuzima vizuri. Haiwezi kuzuia Windows kujisasisha na kujizima usiku wa manane, wala mtoto kuchomoa waya achaji simu.

Lile duka sasa lina majedwali yake yote ya pesa kwenye InnoDB, faharasa kwenye simu na kwenye tarehe, na kitufe cha "Funga Siku" kinatoa ripoti tu, hakihamishi kitu. Mama pia amerudisha lile daftari jeusi. Nilimwambia hana haja nalo tena. Akaniangalia tu, akaendelea kuandika.

Wewe unayesoma hii, kama hujui majedwali yako yako wapi, usiku wa leo baada ya kufunga duka fanya hivi. Kwanza toa nakala ya hifadhidata yote uiweke kwenye flashi, na nakala hiyo usiiguse. Kisha andika SHOW TABLE STATUS WHERE Engine='MEMORY' na usome majina yatakayotokea. Ukiona lolote linalohusu mauzo, deni au malipo, andika kwenye karatasi lina mistari mingapi. Fungua paneli ya XAMPP, bonyeza Stop kwenye MySQL, halafu Start, na uhesabu tena. Ukikuta sifuri, rudisha ile nakala, na kesho asubuhi usimkopeshe mtu mpaka fundi wako aandike ALTER TABLE, jina la jedwali, ENGINE=InnoDB. Amri yenyewe ni ya dakika moja.